Kutembea Mlimani Penye Moshi na Baridi

Natumaini mmekwisha kaa, na daftari zenu ziko mbele yenu. Wale mliokosa kusikia somo hili katika redio mtalisoma hapa pole pole. Likija neno gumu, lisomeni mara mbili, kisha endeleeni.

Juma lililopita mama mmoja wa darasa la Mbezi Beach alinipa barua. Ilikuwa na mistari saba, nayo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka jana mama huyu hakuweza kuandika jina lake. Kwa sababu hiyo tu ilinipasa niijibu vizuri. Anasema kijana wake amekwenda Moshi kuwa mpagazi, kuwachukulia wageni mizigo katika mlima Kilimanjaro. Mama amesikia kwamba mlima huo uliwahi kuwaka moto. Anauliza: mtu hutembeaje katikati ya moshi na baridi, naye ana mzigo? Tena anauliza: mwanangu akipiga simu, nimwambie nini?

Swali hili ni kubwa kuliko lilivyoandikwa. Basi leo tulishike hilo.

Kwanza tuujue mlima wenyewe. Kilele chake kinaitwa Uhuru, na kimo chake ni mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Bahari hiyo ni hii hii mnayoiona ninyi mkishuka ufukweni Mbezi Beach. Usiku wa Desemba 9, 1961, ofisa wa jeshi letu, Alexander Nyirenda, aliwasha mwenge juu ya kilele hicho, nchi ilipopata uhuru. Njia moja ya kupanda inaitwa Marangu. Mtu hutoka langoni, hupita msituni, hulala katika vibanda vya Mandara, kimo cha mita 2,700 hivi. Siku ya pili hufika Horombo, mita 3,700 hivi. Kisha hufika Kibo, mita 4,700 hivi, na kutoka hapo huanza safari usiku kwenda kileleni. Kwenda na kurudi ni kilomita 70 hivi. Si mbali sana kwa mguu wa Mwafrika. Barabara kubwa inayopita Mbezi Beach huenda Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo wapagazi wa zamani walitembea zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Ujiji, na mizigo ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Siku hizi sheria ya hifadhi hairuhusu mpagazi wa Kilimanjaro kubeba zaidi ya kilo 20. Lakini wale wa zamani hawakupanda mpaka mahali ambapo hewa ni nyepesi namna hii.

Sasa habari ya moto. Jumapili, Oktoba 11, 2020, moto ulizuka mahali paitwapo Whona, pa kupumzikia katikati ya Mandara na Horombo. Angalieni vizuri: ni katika njia yenyewe. Habari za kwanza zilizotolewa na wenye hifadhi zilisema huenda ulianza bila kukusudiwa, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni moto. Watu wa Moshi waliuona usiku ukiwaka juu mlimani. Watu kama 500 walijitolea kwenda kuuzima, nao wanafunzi wa Chuo cha Mweka walikuwamo. Uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, moto mwingine ulizuka upande wa kusini, karibu na kambi ya Karanga, kimo cha mita 4,000 hivi. Mara zote mbili ilikuwa Oktoba. Kwa nini? Kwa sababu masika huisha Mei, kiangazi huchukua miezi mingi, na Oktoba mvua za vuli bado hazijashika sawasawa. Nyasi zimekauka kabisa. Tena huko juu ya msitu kuna vichaka vyenye majani membamba kama sindano, ambavyo huwaka hata vikiwa vibichi. Cheche moja ya warina asali wanaofukuza nyuki kwa moshi, au kipande kimoja cha sigara, yatosha.

Msifikiri kwamba jambo hili ni la watu wa Moshi peke yao. Mto Pangani hupata maji mengi kutoka Kilimanjaro. Mto huo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na umeme huo huingia katika gridi ya taifa, ambayo ndiyo inayowasha taa za Dar es Salaam. Vile vichaka vya juu hunasa ukungu na kuufanya maji. Vikiungua, maji hayo hupungua.

Basi turudi kwa kijana wetu njiani. Ameona moshi mbele yake. Afanye nini?

Kwanza ajue upepo unavyokwenda. Hapa ninyi wa Mbezi Beach mna elimu tayari, ila hamkujua kwamba ni elimu. Mchana upepo hutoka baharini ukaingia nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo mdogo, ule wa umande, hutoka bara ukaenda baharini. Wavuvi wetu huutumia kutokea alfajiri. Mlimani mambo ni karibu hayo hayo. Mchana jua hupasha mteremko moto, hewa hupanda juu, na moshi hupanda nayo. Usiku hewa hupoa, ikawa nzito, ikashuka mabondeni kama maji. Moshi hushuka nayo ukalala chini, mahali pale pale watu walipopiga hema. Kwa hiyo mtu asidanganyike akisema, Jioni ilikuwa safi, nitalala salama. Alale mahali palipoinuka kidogo, si katika bonde.

Na moto nao una tabia yake. Hupanda mlima upesi kuliko kushuka, kwa maana ndimi zake huinamia majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla hayajaguswa. Mtu aliye na mzigo hawezi kushindana nao akikimbia kwenda juu. Tena asiingie korongoni, maana korongo huvuta moto kama bomba la moshi la jikoni. Apite ubavuni, atafute mahali penye mawe matupu, au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Mahali palipoungua hapana cha kuungua tena. Watu wengi huogopa kukanyaga majivu, wakakimbilia kijani. Kijani hicho ndicho kitakachowaka baadaye. Na mzigo autupe. Mali ya mgeni hununuliwa tena dukani.

Sasa moshi wenyewe. Moshi ni vitu viwili. Kitu cha kwanza ni vumbi jembamba mno. Chukueni unywele mmoja mwutazame. Punje za moshi zile za hatari ni ndogo kuliko unene wa unywele huo mara 20 au 30. Kwa hiyo pua haiwezi kuzizuia. Zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Wengi wetu tumefundishwa tufunge kitambaa kibichi puani. Kitambaa hicho huzuia majivu makubwa, nacho hupoza hewa ya moto kidogo, lakini punje ndogo hupita kama dagaa katika wavu wa papa. Barakoa ya kitambaa tuliyoivaa mwaka 2020 wakati wa korona ni hivyo hivyo. Inayosaidia ni ile barakoa ngumu ya mafundi, inayokaza uso pande zote pasiwe na mwanya. Mwenye ndevu nyingi haimkazi vizuri. Lakini hata hiyo haizuii kitu cha pili.

Kitu cha pili ni hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ninyi mnajua kwamba damu hubeba oksijeni, hewa ile inayotupa uhai. Sumu hii hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Hukaa katika viti, oksijeni ikabaki imesimama mlangoni kama abiria aliyekosa basi la asubuhi pale Tangi Bovu.

Mlimani jambo hili ni zito zaidi. Katika kimo cha Horombo hewa ina nguvu kama theluthi mbili tu ya hewa ya Mbezi Beach. Kileleni ni nusu. Yaani mtu akivuta pumzi mbili kule juu, amepata oksijeni ya pumzi moja ya hapa. Kwa hiyo mtu mzima na mwenye nguvu anaweza kuumwa kichwa, akatapika, akakosa usingizi, kwa sababu ya kimo tu. Ongezeni moshi. Mtu huyu ana haja ya hewa nyingi, tena hewa yenyewe ni kidogo, tena hiyo kidogo imechafuliwa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu ni dalili za ugonjwa wa kimo. Hizo hizo ni dalili za sumu ya moshi. Tena mtu aliyeshikwa na baridi kali huanza kujikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka, kama vile mgonjwa wa kimo aliyezidiwa. Mwenzake hawezi kujua ni lipi kati ya hayo matatu. Hana haja ya kujua. Akiona mtu anayumba, au hawezi kutembea katika mstari mmoja, au anajibu ovyo, safari yake ya kupanda imekwisha siku hiyo. Ashushwe, wala asiachwe ashuke peke yake.

Lakini ashushwe wapi, ikiwa moshi uko chini? Hilo ndilo fumbo la mwaka 2020: moto ulikuwa katika njia ile ile ya kushukia. Mlima una njia nyingine, kama Mweka upande wa kusini na Rongai upande wa kaskazini. Kiongozi mwema huziuliza njia hizo kabla ya kuondoka langoni, wala hangoji mpaka macho yamwashe. Nayo simu yake huiweka ndani ya nguo, karibu na mwili, kwa kuwa baridi humaliza betri upesi.

Tuje katika hali ya hewa. Fungueni daftari, tufanye hesabu. Kwa kadiri ya kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi. Mchana mmoja Mbezi Beach kuna joto la digrii 30. Je, katika kimo cha mita 4,000 kuna digrii ngapi? Zidisheni 6 kwa 4, mpate 24. Toeni 24 katika 30. Zinabaki 6. Hiyo ni mchana, bila upepo. Usiku maji huganda. Kijana aliyezaliwa pwani, ambaye baridi yake kubwa ni ya Julai alfajiri, hajui jambo hili mpaka limpate.

Na baridi peke yake siyo adui mkubwa. Adui ni kulowa. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi sana msituni, na mpagazi aliyelowa jasho na mvua kule chini hufika juu kwenye upepo na fulana ile ile. Fulana ya pamba ikilowa huvuta joto la mwili nje. Sweta la sufu hukaa na joto kidogo hata likilowa, na masweta hayo yamejaa katika mitumba hapa Dar es Salaam, ambapo hakuna anayeyataka. Mama, kama ungependa kumtumia mwanao kitu, mtumie hilo, na soksi mbili. Afunge nguo zake kavu katika kipande cha turubai au nailoni nene, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya sokoni imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Nguo hizo kavu asizivae njiani hata akitetemeka. Ni za kulalia.

Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Mtu aliyeacha kutetemeka na hali hajapata joto, huyo yuko hatarini sana. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni na vitu vikavu juu na chini, maana ardhi nayo huvuta joto. Mpeni kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza. Pombe asipewe asilani. Pombe humfanya ajisikie ana joto, kumbe joto linatoka nje.

Nalo lipo kosa jingine ambalo limeua watu wengi, mlimani na mjini. Ni kuingiza jiko la mkaa ndani. Mvua inanyesha, hema limefungwa, watu wanne wamebanana, mmoja anasema, Tulete jiko tupate moto kidogo. Mkaa uliokwisha kushika hautoi moshi, kwa hiyo wanaona ni salama. Lakini ile kaboni monoksaidi niliyoitaja inatoka katika mkaa huo huo, wala hawaioni. Wanashikwa na usingizi mzuri. Asubuhi hawaamki.

Nami nasema na ninyi wa Mbezi Beach, na wa Temeke, na wa Kinondoni yote, siyo wa mlimani tu. Masika yakija, na maji yakijaa njiani, watu huingiza majiko vyumbani, wakafunga dirisha kwa ajili ya mbu. Wengine hukausha nepi za mtoto juu ya jiko. Jiko na likae nje, au barazani, hata kama ugali utachelewa. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoeni nje kwanza, kisha ndipo mwite msaada. Simu ya Zimamoto ni 114.

Kuna jambo la radi pia. Ukiona umeme, hesabu pole pole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukihesabu tisa, radi iko mbali kilomita tatu, na hiyo ni karibu mno. Ondoka penye kilima kitupu, usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Namna ya kujua kama moshi au ukungu umezidi ni rahisi. Ninyi mkisimama ufukweni siku njema mnaiona Mbudya, hata miti yake. Mvua ikija kisiwa hupotea, na mvuvi mwenye akili hatoki. Mpagazi naye achague jiwe au kilima anachokijua, kilicho kadiri ya kilomita mbili au tatu. Kikipotea machoni, hatua nyingine ya kupanda ni bahati nasibu. Asimame, awaambie wenzake, wageuke.

Najua mtakaloniuliza. Mtasema, Bwana, mpagazi akigeuka nani atamlipa? Ni kweli. Mgeni amelipa fedha nyingi, amekuja kutoka mbali, anataka picha ya kileleni. Kiongozi anataka asifiwe. Mpagazi yuko chini ya wote, naye huogopa kwamba akisema kifua chamwuma, safari ijayo hataitwa. Mimi naona hapo ndipo penye hatari kuliko penye moshi. Kwa hiyo kijana na aulize kabla ya kuanza, mbele ya wenzake, siyo peke yake: Tukigeuka kwa sababu ya moto au mvua, mshahara wetu utakuwaje? Na jibu liandikwe. Yeye asiyejua kusoma atatiwa sahihi asichokijua. Wapagazi kumi wakiuliza pamoja, jibu huwa la adabu zaidi.

Basi mama yangu, barua yako nimeijibu kwa maneno mengi kuliko mistari yako saba. Kijana akipiga simu, usimwulize kama amefika kileleni. Mwulize amelala wapi, amelala mkavu au mbichi, kichwa kinamwuma au hakimwumi, na leo wameona moshi upande gani. Akisema kichwa kinamwuma tangu jana, mwambie amwambie kiongozi sasa hivi, kabla hujakata simu.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andikeni barua ya mistari saba kwa mtu wenu aliye safarini, mkimwuliza hayo manne. Kisha fanyeni hesabu: Mbezi Beach kuna digrii 32. Je, Horombo, tukisema ni mita 3,700, kuna digrii ngapi? Juma lijalo tutasoma maandishi yaliyo juu ya chupa za dawa. Mje na chupa moja tupu kila mtu. Kwa herini.